Kuvuka mchanga: kuanzia makorongo ya Dodoma hadi mchanga unaohama wa Olduvai

Dodoma si jangwa, ingawa mgeni akishuka basi mwezi wa Septemba anaweza kubisha. Tulicho nacho ni mito ya mchanga. Ni makorongo mapana yanayopitisha maji siku chache kwa mwaka, kisha yanakaa makavu miezi mingi, na mchana wa jua huwezi kuyakanyaga bila viatu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na kwa mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 hivi. Kwa hiyo mtu wa huku huvuka mchanga mara nyingi kuliko anavyovuka maji, na kiangazi kikikolea mchanga huo huo ndio unaompa maji ya kunywa.

Maelezo haya ni ya mtu anayekwenda vijijini Bahi, Chemba, Kondoa au Mpwapwa na chombo chake cha moto, na ya yule atakayetaka kuendelea hadi Olduvai, huko Ngorongoro, akaone kilima cha mchanga kinachotembea. Anza na korongo. Likishakuzoesha, kilima hakitakusumbua sana.

Kwanza: uliza maji yalipita lini

Kabla hujaangalia mchanga, tafuta mtu. Kwenye vivuko vingi hukosi kijana anayechunga, mama anayechota maji au mzee aliyekaa chini ya mgunga. Salimia kwanza. Kwa Wagogo, "mbukwenyi" inapokewa kwa tabasamu hata ukiitamka vibaya; ukiwa kwa Warangi, Kondoa, shikamoo inatosha. Usianze kwa kuuliza kama gari litapita, maana watu wetu ni wakarimu na atakwambia litapita ili asikuvunje moyo. Uliza hivi:

"Shikamoo mzee. Hapa maji yalipita lini?"

"Marahaba mwanangu. Juzi usiku."

"Magari yanavuka?"

"Fuso limevuka asubuhi. Wewe na hako kagari usifuate njia yake, tumbo litagusa. Pita huku juu, kwenye mawe."

Jibu la lini ndilo linalokwambia mchanga ukoje. Siku moja au mbili baada ya maji kupita, mchanga bado umeshiba. Kwa macho umelala vizuri kama sakafu, ila ukiukanyaga unatetemeka, na gari likisimama juu yake linaanza kuzama lenyewe. Siku kadhaa baadaye maji yakishateremka chini, unyevu unaobaki hushikamanisha punje na mchanga unakuwa mgumu. Huo ndio wakati wa kuvuka bila presha. Kufika Agosti sehemu ya juu imekauka kabisa, punje hazishikani tena, na tairi linachimba badala ya kwenda.

Jambo la pili unalopata kwenye jibu ni njia. Lori likipita linaacha mifereji miwili mirefu na tuta katikati. Gari la chini likiingia kwenye mifereji hiyo linakaa juu ya tuta, magurudumu yananing'inia, na hapo hata wasukumaji kumi hawasaidii kitu.

Kati ya Desemba na Aprili kuna swali jingine: huko juu mvua imenyesha? Mbingu kuwa safi hapo ulipo hakusaidii. Mto Bubu unakusanya maji ya milima ya Kondoa na kuyateremsha hadi kwenye kinamasi cha Bahi, kwa hiyo maji yanaweza kumfikia mtu ambaye hajaona hata wingu. Ukisikia ngurumo kama ya lori lisilofika, au ukiona vijiti na povu vinatangulia kwenye mchanga mkavu, toka. Miezi hiyo usiegeshe gari ndani ya korongo, usipike chai humo, wala usipumzike kwa sababu eti kuna kivuli kizuri.

Ukikuta maji yanapita, kaa ungoje. Makorongo hujaa haraka na kupungua haraka, mara nyingi ni suala la saa chache. Maji yanayofika goti na yanakimbia hayavukwi kwa miguu, na gari dogo linaweza kunyanyuliwa na maji ya sentimita 30 tu yakiwa na kasi. Mito ya Kinyasungwe na Mkondoa imekata Reli ya Kati mara nyingi kati ya Gulwe na Kilosa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalisomba tuta la reli na treni zikasimama. Tuta lile lilijengwa na mainjinia kwa mawe. IST yako haijajengwa kwa mawe.

Pili: shuka, tembea mpaka ng'ambo

Dereva mwenye haraka hukwama hapa, kwa sababu anaona uvivu kutembea mita sitini. Vua uvivu. Tembea njia ile ile utakayopita na gari, uende mpaka upande wa pili, kisha urudi.

Kanyaga kwa kisigino. Alama ya kiatu ikibaki na kingo zake, pazuri. Kingo zikibomoka na kumwagikia ndani, pana shida ila panapitika. Mguu ukizama hadi kwenye kifundo, gari dogo lisijaribu. Chukua fimbo uchome kila hatua chache, hasa pale panapoonekana laini na tambarare kupita kawaida. Wachimba mchanga wakishapakia huacha mashimo, na mafuriko yanayofuata huyajaza mchanga mwepesi usioshindiliwa. Kwa juu huoni tofauti yoyote, lakini fimbo inazama hadi mkononi.

Angalia pia ukingo wa kutokea. Magari mengi hayakwami katikati ya korongo. Hukwama mwishoni, pale mchanga uliporundikana chini ya mwinuko, wakati mwendo umeshaisha na dereva ameshaanza kushangilia. Kama kuna mwamba au changarawe inayokatiza korongo, hata ikikulazimu kuzunguka, pita hapo.

Tatu: toa upepo

Sijui kwa nini watu wanaona aibu kutoa upepo kwenye matairi. Wako tayari kusukuma gari mchana kutwa kuliko kuchuchumaa kwa dakika tano. Tairi lililojaa ni jembamba pale linapogusa chini, kwa hiyo linakata mchanga. Ukilipunguza upepo linatanuka na kurefuka, uzito unatawanyika, na gari linapita juu.

Kama kawaida yako ni upepo wa psi 30 au 32, shusha hadi 20 kwa gari dogo. Kwa gari linalovuta mbele na nyuma unaweza kushuka hadi 16 au 18. Usiende chini ya 15, maana ukikata kona tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Beba geji, na beba pampu ndogo inayochomekwa kwenye gari, kwa sababu ukitoka mchangani lazima urudishe upepo kabla ya kushika lami. Tairi lenye upepo kidogo likikimbizwa kwenye lami linachemka na kupasuka.

Nne: vuka

Abiria washuke, wavuke kwa miguu. Mizigo mizito ikiwezekana nayo ishuke. Ingiza gia ya pili (kwenye gari la difu mbili, gia nzito) kabla ya kugusa mchanga, na usibadilishe mpaka utoke, maana ile nusu sekunde ya kukanyaga klachi inatosha kulisimamisha gari. Mwendo uwe wa wastani na usiopungua. Usikate kona kali. Usishike breki, ukitaka kusimama achia mafuta, mchanga utalisimamisha wenyewe. Magari yakiwa mawili, moja livuke na kupanda ukingo kwanza ndipo la pili liingie.

Ukihisi gari linalegea, chezesha usukani kidogo kushoto na kulia ili matairi yapate kingo mpya za kushika. Likisimama, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Kila ukipiga resi unachimba kaburi. Jaribu kurudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, kwa sababu hapo mchanga umeshashindiliwa.

Likigoma kabisa, chukua sepeto. Ondoa mchanga mbele ya magurudumu yote manne, na uhakikishe tumbo la gari halijalala chini. Hilo ndilo linalosahaulika. Tandika magunia matupu au mkeka mbele ya magurudumu yanayovuta. Usikate matawi ya mgunga ukayaweka chini ya tairi! Miiba yake itakutoa mchangani na kukuzawadia pancha mbili. Toa upepo zaidi kidogo, kisha jaribu taratibu. Ikishindikana, ulizia maksai. Jozi moja ya ng'ombe waliozoea jembe inatoa gari dogo bila kelele, ila elewaneni bei kabla kamba haijafungwa.

Kwa pikipiki, abiria ashuke. Dereva akae nyuma kidogo, macho yatazame mbele na si kwenye tairi, mafuta yasikatike. Baiskeli inasukumwa, hakuna ujanja. Bajaji irudi ilikotoka.

Anayetembea kwa miguu avuke asubuhi, kabla ya saa nne, akanyage kwa wayo mzima na afuate nyayo za waliotangulia. Kandambili hurushia mchanga wa moto nyuma ya miguu. Vaa kiatu cha kufunga, au yebo zenye mkanda.

Maji yaliyo chini ya mchanga

Mgeni akiona korongo kavu huona kitu kilichokufa. Mwenyeji anaona tangi. Katikati ya punje za mchanga kuna nafasi, maji ya masika huingia humo na kukaa, na yakishateremka kina cha mkono mzima jua haliyafikii tena kwa urahisi. Hiyo si faida ndogo kwenye mkoa ambao jua lake linaweza kukausha maji mara kadhaa ya mvua inayonyesha. Lambo la wazi linakauka huku unaliangalia, wakati kisima cha mchangani bado kinatoa. Tembo wa Hifadhi ya Ruaha wanalijua hilo: kiangazi wanachimba kwa mikonga na miguu kwenye mchanga wa mto Mwagusi, na wanyama wengine wanakuja kunywa baada yao.

Ukitaka kuchimba, au ukitaka tu kuelewa unachokiona, mambo ni haya. Mahali pazuri ni juu kidogo ya mwamba unaokatiza korongo, kwa sababu mwamba huzuia maji yanayosafiri chini kwa chini. Mikuyu yenye majani mabichi ukingoni wakati kila kitu kimekauka ni dalili nyingine. Mchanga uwe wa punje kubwa, maana ulio mwembamba kama unga unashika maji lakini hauyaachii.

Chimba shimo pana, lisiwe jembamba. Kuta za mchanga hubomoka, na mtoto akiwa ndani ya shimo lililomzidi kimo hilo si jambo la mchezo. Mtoto asitumwe kuchota mahali ambapo kichwa chake kinapotea chini. Wanaofanya vizuri huzamisha pipa lisilo na kitako, lililotobolewa pembeni, ili lishike kuta. Maji ya kwanza huwa ya tope, yanamwagwa. Ngoja yajikusanye upya, kisha chota taratibu kwa kata au kopo, bila kuvuruga chini. Utaona maji yanavyoingia, yanatiririka kutoka upande wa juu wa shimo kama jasho, na dumu la lita 20 linaweza kumchukua mama muda mrefu sana mwezi wa Oktoba.

Kisima cha watu kizungushiwe miiba. Cha mifugo kiwe upande wa chini wa korongo, mbali, na ng'ombe wanywee kwenye mbauti (birika la kunyweshea mifugo), wasiingie shimoni. Mchanga huchuja uchafu mwingi lakini hauchuji wote. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

Na kisima kina mwenyewe, hata kama ni shimo tu katikati ya korongo lisilo na uzio wala jina. Aliyechimba ndiye anayepanga zamu. Usijaze rejeta ya gari bila kuomba. Ukiomba utapewa, na pengine utachotewa.

Mchanga wa kujengea

Tangu serikali ilipohamia Dodoma, matipa hayalali. Wengi wanashangaa kwa nini dunia yenye majangwa makubwa inalilia mchanga. Sababu iko kwenye punje. Upepo umezisugua punje za jangwani mpaka zimekuwa laini na za mviringo, hazishikani vizuri kwenye zege. Punje za mto zina pembe, kwa hiyo zinashika saruji. Ndiyo maana korongo lako lina thamani kuliko vilima vya Sahara, na ndiyo maana linachimbwa kwa pupa.

Mchanga ukiondolewa kupita kiasi, tangi nililolieleza hapo juu linaondoka na lori. Visima vinashuka, kingo zinaanguka, na shamba la jirani linaingia mtoni. Kisheria mchanga wa ujenzi ni madini na una leseni yake, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kama unanunua tripu ya kujengea, uliza imetoka wapi. Kijiji kinachokataa kuchimbwa karibu na visima vyake kina haki, hata kama mwenye tipa atawaita wanoko.

Kolo: mahali pa kujaribia

Ukitaka kuyajaribu haya yote kwa siku moja nenda Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, pembeni ya lami ya kwenda Babati. Hapo ndipo pa kuanzia kutembelea michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Pita ofisi ya kituo kwanza, lipa, pewa mwongozaji. Kwenda kwenye miamba ya Mongomi wa Kolo unavuka mto wa mchanga, na mwongozaji anajua siku hiyo unavukwa wapi. Masika uwe tayari kuambiwa haiwezekani.

Angalia mchanga huo vizuri. Ulikuwa udongo wa vilima vya Irangi. Mmomonyoko wa Kondoa ulifikia hatua ya serikali kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Wenye ng'ombe waliumia, na ukiwauliza wazee watakueleza kwa kirefu. Vilima vikarudi kuwa na miti. Mchanga uliokwisha kushuka, lakini, haupandi tena mlimani.

Kwenda Olduvai

Kutoka Dodoma hadi Babati ni lami tupu, kilometa 250 hivi kupitia Kondoa. Endelea mpaka Makuyuni, kunja kushoto, upite Mto wa Mbu na kulala Karatu. Usilazimishe kufika siku hiyo hiyo. Asubuhi ingia geti la Lodoare la Hifadhi ya Ngorongoro, ukiwa umeshalipa kwa namba ya malipo na si kwa kuhesabu noti getini. Beba koti: barabara ya kingo za kreta iko juu ya meta 2,000, na mtu wa Dodoma aliyekwenda na fulana atatetemeka. Unashuka upande wa pili kwenye tambarare, unapita makumbusho ya Olduvai, bonde ambako Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na mwongozaji wa hapo anakupeleka kwenye mchanga unaohama.

Ni mweusi. Ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, yamekusanyika kuwa kilima chenye umbo la mwezi mwandamo, kimo kama mita 9 na urefu kama mita 100, kimesimama peke yake kwenye nyasi. Upepo unazipandisha punje kwenye mgongo ulioinama taratibu, zikifika kileleni zinaporomoka upande wa pili wenye mteremko mkali wa nyuzi 33 hivi. Punje moja moja, kilima kizima kinasogea kuelekea magharibi, kama mita 17 kwa mwaka. Pembe zake mbili zinaelekea kule kinakokwenda. Utakuta alama zilizochomekwa zinazoonyesha kilikuwa wapi miaka iliyopita. Simama kwenye mojawapo na utazame umbali.

Beba sumaku ndogo. Majivu yana madini ya chuma, na ukiipitisha juu yake punje zinasimama na kuing'ang'ania. Ni sababu mojawapo inayotajwa ya kilima kutotawanyika. Wamasai wanapaheshimu pale kama mahali patakatifu, kwa hiyo hapafai kuteleza kwa makalio wala kupanda kileleni kwa ajili ya picha. Zunguka pembeni, ukae upande unakotoka upepo, la sivyo utakula majivu. Gari libaki kwenye njia.

Safari ikikupeleka siku moja Namib au Sahara, ambako vilima vinapandwa, tembea juu ya ukingo wa kilele alfajiri mchanga ukiwa wa baridi, usipande ule upande mkali. Kwa gari, upepo unatolewa vile vile, na kilima hupandwa na kushukwa moja kwa moja. Ukikikata kiubavu gari linabiringika.

Geti la Lodoare linafungwa saa 12 jioni na kibali chako ni cha saa 24, hivyo ondoka Olduvai mapema. Ukifika Karatu toa kichujio cha hewa ukikung'ute, na kamera usiifute kwa shati. Ipulize kwanza, maana punje zile zinakwaruza kioo.